Riwaya Yangu Imefungiwa Mapanki

Leo nimeuziwa mapanki yaliyofungwa kwa ukurasa wa riwaya ninayoipenda kuliko zote.

Natoka zamu kiwandani, njaa inauma. Namega mifupa hiyo ya sangara, naona maneno ninayoyajua kwa moyo yamelowa mafuta.

Kitabu hiki nilikisoma mara sita kabla sijaondoka Songea. Hapa Mwanza nimekitafuta miaka miwili.

Nikamrudia muuzaji, mama mmoja wa kutoka Nansio.

"Shikamoo mama. Karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Marahaba. Kitabu changu. Nikimaliza ukurasa, nachana, nafungia samaki."

"Unachana riwaya?"

"Kurasa hizo nimeshazisoma, mwanangu. Nikishajua nani kaolewa na nani kafa, nirudie nini? Wewe chakula ukishameza unakirudia?"

Wateja wakacheka.

Nikamwomba aniuzie kilichobaki. Akakikalia. Eti hajafika mwisho.

"Nunua samaki, utasoma."

Jamani, nilikuwa nimeshiba, lakini nimenunua mafungu mengine mawili. Mapanki nimewapa mbwa, karatasi nimezianika kwenye kamba ya nguo.

Kesho anafika sura ya mazishi, ile inayoniliza kila nikiirudia.

Niambieni, ninunue mafungu mangapi?