Mstari wa Upanga

Hajira anauza viatu vya mitumba Mchikichini, na mdomo wake hufika kabla yake. Ndiyo maana vijana wa mipango ya barabara walipopita wakiuliza kila mtu, "Unatoka wapi, unaenda wapi?", yeye ndiye aliyetupa amri.

"Msiwaambie kitu! Wakijua tunajaa hapa, kesho wanatuhamisha. Semeni mmekuja kununua tu, mnarudi Mbagala."

Tukamtii kama kondoo. Hata Benedikta wa uji, ambaye kila siku anabeba chupa zake mbili za uji kwa miguu mpaka Upanga kuwauzia wanaouguza hospitalini, alijibu, "Mbagala, mwanangu," na mguu umemvimba.

Juzi tukaitwa ofisi ya mtaa. Mmoja wa wale vijana, Saif, akabandika ramani ukutani. Mji umekatwa vipande, na kati ya kipande na kipande kuna mstari.

"Wanaokwenda wakiwa wengi, mstari unanenepa," akasema. "Penye mstari mnene ndipo tutakapoomba gari la moja kwa moja."

Mstari wa Mbagala ulikuwa mnene kama bomba la maji taka. Wa Upanga? Unywele.

Benedikta akauliza polepole, "Baba, sisi wa Upanga hatumo?"

"Mama, hakuna aliyesema anaenda huko."

Sote tukamgeukia Hajira. Mtu wa kujibu hata asipoulizwa, siku hiyo anasokota ncha ya khanga. Benedikta hakumlaumu. Aliuvuta tu ule mguu, akauficha chini ya benchi. Hilo ndilo lililommaliza Hajira. Akasimama.

"Mimi ndiye niliyewafundisha uongo. Tuulize upya, mwanangu."

Saif akakuna kichwa. "Ramani bado sijaipeleka. Kesho nitakaa sokoni, waje wenyewe."

Kulipokucha Hajira akapita meza zile zile. "Jamani, leo semeni kweli."

"Leo tunatoka wapi, bosi?" Leticia wa mikoba akamrushia. "Mbagala au Marekani?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Siku nyingine Hajira angemchamba mpaka jioni. Safari hii alizichukua chupa za Benedikta, akasimama mbele ya Saif, macho chini.

"Unatoka wapi?"

"Hapa, Mchikichini."

"Unaenda wapi?"

"Upanga." Sauti ndogo, sikuwahi kuisikia kwake. "Na huyu mama. Mwandike na yeye."

Wakaondoka kwa miguu, Hajira na chupa zote mbili, Benedikta nyuma yake akichechemea.