Maji Juu ya Kilima cha Hensley

Watu wa bonde letu wanamjua Talmadge Overbey kwa jambo moja: hawezi kuona maji akayapita bila kutaka kujua yanatoka wapi. Utotoni alitumwa kuteka ndoo moja tu, akarudi jioni matope magotini, kisa alikuwa akikifuata kijito apate kuona kinapoanzia. Mama yake alimchapa, naye akawa analia huku anamsimulia mama chemchemi ilivyo. Alipokua akaajiriwa kupima kina cha mto, mvua kwa jua, mpaka kazi ile ilipohamia kwenye kompyuta naye akahama nayo. Kuandika programu alijifunza ukubwani, taratibu, kama mtu anayejifunza lugha ya wakwe.

Mwaka ule wa tisini na sita, hapa milimani mashariki ya Tennessee, aliandika programu ya kutabiri mafuriko. Bonde zima alilikata vipande, kila kipande akakikabidhi kompyuta yake. Kompyuta zenyewe zilikuwa nyingi, zimepangwa katika chumba chenye baridi kali hata watu wakavaa sweta mwezi wa saba. Hakuna hata moja iliyoliona bonde lote. Kila moja ilipiga hesabu za kipande chake, kisha ikapashana habari na jirani: kwangu maji yamefika hapa, kwako je? Bila habari hizo mto usingevuka mpaka wa kipande kimoja kwenda kingine.

Programu ile ikiaminika, watu wa Sorrel, kule chini kabisa, wangepata onyo maji yakiwa bado mbali. Isipoaminika, wangebaki na kengele yao ya kanisa, ambayo kwa kawaida hupigwa na mtu aliyekwisha lowa miguu. Dada yake Talmadge, Orlena, alikuwa anakaa huko, na nyumba yake ndiyo ya kwanza mto kuipigia hodi. Mwenye kuamua kama itatumika alikuwa Coy Lambdin, msimamizi wa bwawa la mto huo, mtu mnene mwenye mdomo mwepesi.

Coy akaja kuitazama. Kwenye kioo cha kompyuta, bonde lilijaa buluu pale panapostahili. Lakini juu kabisa ya kilima cha Hensley, mahali ambapo hata umande haukai, kulikuwa na ziwa.

"Talmadge, ndugu yangu," Coy akasema huku akivua kofia, "kwa Hensley wameanza lini kufuga samaki?"

"Hawafugi."

"Basi mwambie mzee Hensley atafute mtumbwi. Mimi narudi Alhamisi. Nikilikuta ziwa hilo bado lipo, sisi na kengele yetu tutaendelea kupendana."

Talmadge aliona haya, lakini haya ile haikukaa. Maji hufuata mkondo. Maji haya yalipandaje mlima? Akaiendesha programu tena, kilima kikavu. Akairudia, kikavu vilevile. Kesho yake asubuhi, ziwa hilo hapo! Akawa analivizia kama mtu anayevizia sungura. Akagundua kwamba linatokea wakati watu wengi wamezirundikia zile kompyuta kazi zao, na wakienda kula, linakauka.

Nadine Prewitt, mwenzake wa meza ya pili, alicheka hata akaweka chini mkate wake wa mahindi. "Maji yanayojua saa ya chakula! Hayo lazima ni Wabaptisti, hawakosi mlo wa kanisani."

"Cheka tu, dada. Lakini yananijibu. Yanasema yanapenda msongamano."

"Na msongamano unafanya nini?"

"Unachelewesha habari." Talmadge akakigeukia kioo chake. "Kuna habari inachelewa mahali."

Sasa, mtindo wa programu yake ulikuwa hivi. Ili kuokoa muda, kila kompyuta iliomba mapema habari itakayofuata ya jirani, ikatega kapu la kuipokelea, yaani nafasi kwenye kumbukumbu yake, kisha ikaendelea na kazi zake. Ombi likabaki linaning'inia. Kipande kikishakauka, kama pale kilimani, habari za jirani hazikuhitajika tena. Hapo programu ilitoa amri ya kulifuta lile ombi, na kapu, kwa kuwa liko wazi, ikalitumia kuwekea hesabu za kilima chenyewe. Usafi mtupu, au ndivyo alivyodhani.

Talmadge akafanya jaribio. Mara tu baada ya amri ya kufuta, akalijaza kapu namba ambayo mto wowote duniani hauwezi kuwa nayo, kisha akangoja watu waongezeke. Walipoongezeka akachungulia. Namba yake haipo. Mahali pake kuna kina cha maji, kizuri, sahihi, kimetoka kwa jirani sasa hivi.

"Si takataka hii," akasema kwa mshangao. "Ni mto wangu mwenyewe! Umemwagwa tu kwenye kapu la mwingine."

Nadine akavuta kiti. "Ombi si ulilifuta?"

"Nililifuta. Mstari huu hapa."

"Ulilifuta, au uliomba lifutwe?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo, tena kubwa. Ile amri haingoji jibu. Inapeleka neno, inarudi. Labda jirani alishatuma, mzigo uko njiani. Mzigo ukiwahi, ombi halifutiki tena, unaingia kapuni kama kawaida. Amri ikiwahi, hauingii. Ni moja kati ya hayo, yote mawili hayawezekani. Ila wewe hukungoja ujue ni lipi."

"Nikaligawa kapu kwa kazi nyingine."

"Ukaligawa kapu. Usinune, mimi mwenyewe niliwahi kuharibu hesabu za dhoruba nzima hivyohivyo."

Dawa yenyewe haikuwa ndefu: baada ya amri, subiri ombi liishe kwa njia moja au nyingine, uliza kama kweli limefutika, ndipo uguse kapu. Talmadge akaiandika. Lakini badala ya kwenda nyumbani akaiambia programu imtajie kila mara nani amewahi, mzigo au amri, akakaa kuangalia.

"Imeshapona, nenda ukale," Nadine akamwambia.

"Nataka tu kuona nani anashinda."

Alhamisi, kabla Coy hajafika, Talmadge aliwapitia watu wote mezani kwao akiwaomba wazirundikie kompyuta kazi nzito kadiri wawezavyo.

"Umepata wazimu?" Nadine akamnong'oneza. "Siku ya leo?"

"Kama ziwa lipo, na litoke yeye akiwa hapa. Afadhali Coy alicheke kuliko Orlena kuliamini."

Coy akaketi, kofia gotini. Bonde likajaa. Kilima kikavu. Kisha picha kwenye kioo ikasimama.

"Imekufa?"

"Inangoja jibu. Iliomba kitu, ikabadili nia. Sasa inataka kujua kama imechelewa."

"Mke wangu angeipenda sana mashine hiyo. Na juzi je?"

"Juzi haikungoja. Kosa lilikuwa langu."

Coy alimtazama, akakitazama kilima, ambacho kiliendelea kuwa kikavu hadi mwisho. "Haya. Mvua za mwaka huu tutaisikiliza. Ila kengele isitolewe kamba."

Mvua za Machi zilipokuja, onyo lilifika Sorrel Jumamosi, mto ukiwa bado umelala kitandani mwake. Jumapili mchana Orlena akapiga simu, amewaka hasira.

"Umenifanya nipandishe kuku kwenye roshani ya kwaya kanisani! Wamepiga kelele mahubiri yote, mchungaji akashindwa hata kuomba. Na maji yenyewe yameishia kwenye ngazi za mlango wangu!"

"Ngazi ya ngapi?"

"Ati nini?"

"Kutoka chini. Ya ngapi?"

"Wewe mtoto! Huniulizi hata kama ni mzima?"

"Unanigombeza, basi u mzima. Ya ngapi, dada?"

Akasikia mlango ukifunguliwa, kisha nyayo zikirudi. "Ya tatu."

Programu ilikuwa imesema ya pili.

"Imelowa yote, au ukingo tu?" Talmadge akauliza, na mkono mmoja ulikuwa tayari unapapasa koti, aende Sorrel akajionee.