Ukindu Mwekundu Ndani ya Riwaya

Mtaani kwetu Bagamoyo vitabu vyangu vilitembea kuliko mimi. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani, nikakaa, na kusema kweli sijainuka sawasawa mpaka leo. Safari yangu ndefu ilikuwa kutoka mkekani hadi jikoni kuangalia kama chai imechemka. Lakini riwaya zangu, zilizokaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, zilifika Saadani, zikalala Miono, zikarudi kupitia Fukayosi zinanuka ng'onda.

Aliyezitembeza ni jirani yetu wa ua wa pili. Alikuwa akinunua samaki wakavu Saadani na kuwauza vijiji vya bara, huku akiwasomea wateja vitabu, na kila alipotaka kuondoka alipita kwetu kwanza.

"Hodi! Mwenye maktaba yupo, au ametoka?"

Shangazi yangu, niliyekuwa nikiishi kwake, hakuningoja nijibu. "Atoke aende wapi, baba? Huyu ukimwona barabarani, jua nyumba inaungua."

Nilimtolea kitabu pamoja na sifa zake. Hapo ndipo nilipojiona mtu. Nilikisifu kama mshenga anavyomsifu bwana harusi, kasoro sikuzigusa. Yeye alinisikiliza kwa adabu, akafunua ukurasa wa kwanza na kuusoma palepale, kasimama. Akicheka au akikunja uso, alikichukua. Asipofanya lolote, alinirudishia. "Hiki hapana, mdogo wangu. Watu wa Miono watakirudisha pamoja na samaki wangu."

Jioni za kuwapo nyumbani alimsomea mkewe. Mke huyo, ambaye mimi nilimwita dada, alikuwa ameandikishwa kisomo cha watu wazima pamoja na wanawake wengine wa mtaa, shangazi akiwemo, ila aliacha mara tu baada ya kuzijua silabi. Shangazi alipomsema, alicheka. "Nihangaike ya nini, shangazi? Redio yangu ninayo ndani, tena haili betri."

Redio hiyo tuliisikia na sisi, maana kati ya ua wao na wetu palikuwa na makuti tu. Kila mhusika alimpa sauti yake. Mwenye mali alikohoa, wakili alisemea puani. Kisha penye utamu hasa alinyamaza, akaweka alama ukurasani kwa ukindu mwekundu aliopewa na shangazi, masalio ya mkeka, akakifunga kitabu.

"Malizia! Wallahi leo hulali!" mkewe alipiga kelele.

"Kesho," alisema yeye, na kicheko chake kilipenya makuti.

Kitabu cha mwisho nilichompa kilikuwa riwaya nene niliyoipenda kuliko zote, habari za ndugu wawili waliogombea shamba la minazi. Hawakuimaliza. Alirudi safari na homa, na Ijumaa iliyofuata tulimzika. Ukindu ukabaki humo ndani.

Dada akakaa eda. Alivaa nyeupe, hakutoka, hakutia asumini wala manukato. Wanawake tulikwenda kumtazama na kumpelekea chakula. Alikionja, akakisukuma kando. Wageni walikila, na mabakuli tuliyachukua matupu, ila letu moja likasahaulika kwake. Siku nyingine kumrudishia jirani bakuli tupu ni aibu, lazima utie chochote, hata ndimu mbili, lakini kwetu nyumba yenye msiba haidaiwi hilo.

Alasiri moja nilimkuta amekipakata kile kitabu, hajakifungua. Nikaingiwa na huruma, na mimi nikiingiwa na huruma ni hatari.

"Nikusomee kilichobaki, dada?"

"La."

"Basi nikuhadithie kwa ufupi. Yule mdogo mtu, mwisho wake ali..."

"Nyamaza!"

Tangu mazishi hatukuwa tumeisikia sauti yake ikipanda. "Ukinihadithia sikusamehi. Yeye alisema kesho. Usiniharibie kesho yangu." Kisha akashusha sauti. "Nataka nikimalize mwenyewe. Sijui vipi, lakini nataka."

Nilirudi nimenywea. Shangazi alikuwa uani anasuka ukili wa mkeka, na yote alikwisha kuyasikia.

"Mtu anataka kutembea, wewe unataka kumbeba mgongoni! Ndivyo walivyokufundisha sekondari?"

Nikajitetea kwa kulifungua sanduku. Nikachagua riwaya tatu fupi, za lugha tamu, za kumfaa mwanafunzi. Shangazi akazitazama kama mtu anayetazama samaki wa jana. "Hizo unazipenda wewe." Akaingia chumbani kwake, akatoka na kijitabu cha kisomo kuhusu ufugaji wa kuku.

Nilicheka hadi nikakaa. "Shangazi! Mjane umpelekee magonjwa ya kuku?"

"Herufi zake kubwa. Maneno yake mafupi. Na kuku anao, wewe je, una shamba la minazi?"

Akatoka na kijitabu chake, mimi nikabaki na ujuzi wangu. Kesho yake, tukiwa tunasuka, ng'ambo ya makuti tulisikia: "Ku-ku... a-ki-si-nzi-a..." Kisha: "Shangazi! Huyu kuku atapona au atakufa?"

"Funua ukurasa, mwanangu, yumo humo!"

Alipona. Sijapata kumsikia mtu akimfurahia kuku kama siku ile. Shangazi akampelekea kijitabu cha malezi ya mtoto, kisha cha chakula bora, kisha cha kilimo cha pamba, ingawa mtaa mzima hapakuwa na mche wa pamba. "Hiki sentensi zake ndefu kidogo," aliniambia. Hakuna kimoja alichokisifu. Alikitia mkononi mwa dada tu, akaondoka. Nami, niliyejua kukisifu kitabu mpaka jasho likanitoka, nikaanza kumtazama shangazi yangu kwa jicho jingine. Mimi nilikuwa nikimtafutia kitabu msomaji. Yeye alimtazama dada, ndipo akatafuta kitabu.

Eda ilipokuwa inakaribia kwisha, alasiri moja sauti ng'ambo ya makuti ilianza sentensi ninayoijua. Lilikuwa shamba la minazi. Mikono ya shangazi ikasimama. Dada alikuwa akisoma polepole, bila sauti ya mwenye mali wala pua ya wakili, sauti yake tu. Akafika kwenye neno "wakanyang'anyana", akakwama. Akarudi nyuma, akalijia tena, akakwama palepale. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Shangazi akanifinya paja nusura nilie.

"Wa-ka-nya... wa-ka-nya-ng'a..."

Na sisi tumebana pumzi, kama neno hilo linapita juu ya ukuta na linaweza kuanguka.

"Wakanyang'anyana!" Akalisema tena, kwa hasira. Kisha akaendelea, na sisi tukaendelea kusuka. Shangazi alipoinama niliona ukili wake umekwenda upande, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na nilijua vyema kwamba siku hiyo si ya kumtania.

Alipotoka eda, nyumba ya kwanza kuijia ilikuwa yetu. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu, karibu." Mkononi alishika bakuli letu, limejaa visheti, na juu ya visheti, ndani ya kitambaa safi, riwaya yangu.

Sikungoja hata akae. "Umekionaje?"

"Mwanzo mzuri. Katikati ndiyo kabisa." Akafikiri. "Mwishoni mwandishi alikuwa na haraka, kama anawahi basi. Watu wamechukiana kitabu kizima, kwa kurasa mbili wamekumbatiana! Marehemu angemgombeza." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akacheka tena.

Mwisho ule nilikuwa nimeusifia kwa kila aliyekuja kwetu. Shangazi alinitazama, akatia kisheti mdomoni.

"Jumatatu nakwenda Saadani," dada alisema. "Samaki sasa nawanunua mimi. Una kingine?"

Nikavuta sanduku, nikatoa kimoja, nikaanza: "Hiki, dada, hiki utaki..." Akaniinulia kiganja. Akafunua ukurasa wa kwanza, akausoma palepale, kasimama, midomo ikichezacheza. Tulingoja. Chai ikafurika jikoni, hakuna aliyeinuka.

Akakunja uso.

"Nakichukua," akasema. Akafungua fundo la khanga, akautoa ule ukindu mwekundu, akauweka hapo alipofika.