Kodi ya Mishahara Niliyoipeleka Matangani

Siku niliyokuta mlango wa fakitire, kiwanda changu cha sabuni, umebandikwa karatasi ya Leta, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko siku niliyoolewa. Ilikuwa asubuhi ya soko hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Wafanyakazi wangu kumi na mmoja walikuwa wamesimama nje wakiangalia ule muhuri juu ya kufuli, na hakuna aliyetaka kuugusa. Leta ni serikali, wewe unajua, lakini nasema kwa ajili ya wale watakaosomewa haya mbali na huku. Kiswahili changu chenyewe kimechanganyika na cha Kigoma, nilikokaa ukimbizini miaka mingi, na ndugu zangu wananicheka kwa hilo mpaka leo.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mjane, tena mwenye mdomo. Nilinunua mawese kutoka vijiji vya juu, tukayapika na soda kali ya sabuni ndani ya mapipa, tukamimina kwenye visanduku vya mbao, na kesho yake tukakata vipande kwa waya. Sabuni yangu ilikwenda kwa boti mpaka Kazimia. Watu wangu niliwalipa kila mwisho wa mwezi, na kila mwisho wa mwezi nilikata kidogo katika mshahara wa kila mmoja. Nikawaambia hii ni ya Leta, sehemu ni kodi na sehemu ni pensheni yenu ya uzee. Walikubali. Mimi ndiye nilikuwa patro, mwajiri wao, halafu mimi ndiye niliyekuwa nimesoma.

Sasa nikwambie nilichofanya na zile pesa, na usinitetee. Vita vilipokaribia, kabla sijapeleka hata mara moja, watu wa biro, ile ofisi ya kodi, walifunga vitabu vyao wakahamia mji wa Uvira. Biro ikabaki mlango wazi, mbuzi wanalala ndani. Nikasema moyoni, Leta imekimbia, nitampelekea nani? Mwezi huohuo mama wa mfanyakazi mmoja akafa. Kwetu patro hawezi kukaa kimya msiba ukiingia kwa mtu wake. Anatoa sanda, anatoa mbao za jeneza, anatoa unga wa watu wa matanga. Nikafungua kopo nililowekea pesa za Leta nikatoa humo. Watu wakaniombea baraka palepale, wakasema huyu ni patro mwenye roho, nami nikaona utamu wake. Msiba uliofuata nikafanya vilevile, na mtu akilazwa hospitali vilevile. Hata biro iliporudi Baraka sikubadilika. Nilipita mbele yake kila siku nikienda sokoni nikajifanya sioni. Nilijiambia pesa za wafanyakazi zimewarudia wafanyakazi, kosa liko wapi.

Ukiniuliza leo kama nilikuwa mwizi sitakujibu haraka. Sikununua hata kitenge kwa pesa zile. Lakini nilikuwa natoa sadaka kutoka mfuko wa mwenzangu, na shukrani napokea mimi.

Tena Leta haikunitafuta, nilijipeleka mwenyewe. Shirika moja lililokuwa linagawa vitu kwa wakimbizi lilitaka sabuni yangu, sabuni nyingi kweli, ila likaomba karatasi ya kuonyesha kwamba sina deni la kodi. Nikaenda biro nikidhani ni kulipia muhuri na kurudi. Mkaguzi akafungua faili yangu, ndani hamna kitu. Akaniuliza nina wafanyakazi wangapi, na mimi kwa kujivuna nikamwambia kumi na mmoja, wote wa kudumu. Baada ya hapo zikaja barua. Ya kwanza niliiweka chini ya godoro. Ya pili nikaiweka juu ya ile ya kwanza. Ya tatu ilikuja na watu wa kufunga mlango.

Jumla ya deni ilizidi thamani ya fakitire na nyumba yangu kwa pamoja. Ilikuwemo kodi yenyewe na michango ya pensheni, na juu yake faini ya kila mwezi tangu niwashe pipa la kwanza, hata ile miezi tuliyokuwa tumekimbia na mapipa yamelala. Nisipolipa wangeuza vyombo vyangu, na watu kumi na mmoja wangerudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu yangu. Niliogopa sana, mwanangu. Nilikuwa nasahau hata kuweka chumvi kwenye mboga.

Akanijia bwana mmoja wa hapa mjini aliyejulikana kwa kupanga mambo ya watu. Akasema kodi ya mishahara inadaiwa penye mishahara. Kama watu wako ni vibarua, leo wapo na kesho hawapo, basi mshahara hakuna, na kodi hakuna. Alikuwa na karatasi za kusema hivyo zimeshapigwa chapa, bado jina la mfanyakazi na mkono wake wa sahihi tu, nizipeleke kwa avoka, yaani wakili, ziende biro zikiwa na nguvu ya sheria. Karatasi zilikuwa na bei yake. Nikalipa.

Nikawaita watu wangu nyumbani. Walitia mkono mmoja baada ya mwingine, wengine bila kusoma, kwa sababu nilikuwa nimewazikia wazazi wao. Wa mwisho akabaki Papa Asende.

Papa Asende ndiye alikuwa mpishi wa sabuni. Alikuwa mtu wa Lubondja, umri wa marehemu baba yangu, na alikuwa nami tangu siku ya kwanza. Soda ilikuwa imemla ngozi mpaka kwenye viwiko. Aliisoma ile karatasi polepole, midomo ikisogea, kisha akairudisha mezani.

"Mama Riziki, hii karatasi inasema mi nilikuwa nakuja siku moja-moja."

"Ni karatasi tu, Papa. Ni ya kutuokoa sisi wote."

"Miaka saba niko hapa. Kila mwezi ulinikata franga ya Leta na mi sikuuliza. Nilisema, mama anapeleka. Ulipeleka wapi?"

Nikamwambia. Nikamtajia misiba yote niliyoihudumia, nikaanza na ule wa mdogo wake. Nilisema kwa sauti ya juu ili watu wasikie.

"Asante kwa kumuzika mudogo yangu," akasema. "Nilizania ni wewe ulitoa. Nilikuja na bandugu yangu kukushukuru. Kumbe ni mi mwenyewe nilitoa, na bale benzangu. Sasa unataka na hii miaka saba niitupe. Kesho nguvu ikiisha, nitakuwa mutu wa kusema nini? Hapana, mama. Mukono sitie."

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikamwambia kama hataki kutusaidia, njia ile pale. Mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya watu. Alivaa kofia yake, akaniaga vizuri kama siku nyingine zote, akaondoka. Hakuna aliyenitazama usoni baada ya hapo.

Kesho yake nikapanda gari la Uvira na bahasha yangu yenye karatasi kumi. Makobola, kijiji cha njiani walipouawa watu wengi vitani, abiria hunyamaza wakipita, hata dereva hupunguza redio, na mimi nilinyamaza pia, lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye bahasha tu. Avoka niliyeelekezwa alikuwa binti mdogo kwangu, na biro yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Nilimdharau kabla hajafungua mdomo. Nikamwita Metre kama tunavyowaita baavoka, nikamkabidhi bahasha.

Alisoma zote kumi. Kisha akauliza, "Fakitire iko na batu ngapi, mama?"

"Kumi na mmoja, Metre."

"Na huyu moja, sababu gani hakutia mukono?"

Nikamweleza, nikimtia Papa Asende ubaya kidogo, kwamba ni mzee wa kichwa ngumu. Hakutabasamu. Alirudisha karatasi kwenye bahasha akanisogezea.

"Hizi sipeleke. Ni uongo. Mukaguzi akiita mutu moja tu akamuuliza, we unaingia gereza, na bale kumi banaingia pamoja na we. Na kibarua pia iko na kodi yake. Ule alikuuzishia karatasi alikula franga yako bure." Akachukua kalamu. "Sasa unielezee yote tangu mwanzo, mama, na ile mbaya pia."

Nikamweleza yote, na kopo, na misiba, na barua chini ya godoro. Machozi yalinitoka kwa mara ya kwanza tangu mlango ufungwe. Akanisikiliza mpaka mwisho akiandika. Akaniambia bila kunifariji kwamba pesa nilizokata kwa watu nitazilipa, hakuna avoka wa kunitoa humo. Ila faini ya miezi ya vita inaweza kubishaniwa, na itakayobaki tunaweza kuomba kulipa kidogo-kidogo huku kazi inaendelea. Akaniuliza kama nina kitu kinachoonyesha ni miezi gani tulifanya kazi na ni miezi gani tulikimbia.

Sikuwa nacho. Madaftari yangu yalichomwa vitani pamoja na nyumba yangu ya kwanza. Halafu nikakumbuka. Papa Asende alikuwa na daftari lake. Kila siku ya mshahara aliniomba niandike humo alichopata na nilichomkata, kisha nitie mkono. Nilikuwa namcheka mbele ya wenzake, nikimuuliza kama anajiandaa kuwa mkaguzi.

"Basi ni huyo unamuhitaji," Metre akasema, "na ni huyo ulifukuza."

Kwetu mtu hamwendei mzee kuomba msamaha peke yake wala mikono mitupu. Nilimwomba baba mkubwa anisindikize Lubondja, nikabeba kuku wawili na chumvi. Papa Asende tulimkuta shambani analima mihogo. Baba mkubwa alisema maneno ya kwanza, kisha nikapiga magoti kwenye udongo nikasema yangu. Sikutaja misiba. Nilisema tu kwamba nilikula haki yake, kisha nikamtukana aliponiuliza, na sasa nahitaji daftari lake na sina uso wa kuliomba.

Alisugua udongo kwenye mikono yake iliyoliwa na soda. Halafu akaenda nyumbani kwake, kando ya shamba, akarudi na daftari ndani ya mfuko wa plastiki.

"Sikuichunga juu ya kukushitaki," akasema. "Niliichunga juu batoto yangu bajue nilikuwa nafanya nini."

Hakunipa. Alilishika mwenyewe mpaka Baraka, akaingia nalo biro ya kodi pamoja na Metre na mimi. Aliulizwa maswali mengi, na kila swali alilijibu kwa kufungua ukurasa. Penye miezi ya vita palikuwa patupu, bila hata alama, na mkaguzi aliyahesabu mapengo hayo mara mbili. Metre aliandika barua, ikajibiwa, akaandika nyingine. Mambo yalichukua muda mrefu. Mwishowe faini ya miezi ile ilifutwa, na deni likagawanywa nililipe kila mwezi. Niliuza kiwanja cha ile nyumba iliyochomwa kupata pesa ya kuanzia. Nililipa miaka minne. Majina yote kumi na moja yaliingizwa kwenye pensheni na miaka yao, na Papa Asende akawa na saba yake kamili.

Siku waliyobandua karatasi mlangoni nilimwomba arudi kuwasha pipa. Nilimwahidi mshahara mkubwa zaidi. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Nilishakusamehe, mama. Moyo yangu iko safi juu yako. Lakini kazi kwako sirudie tena."

Akaenda kutafuta gari la Lubondja. Mimi nikaingia ndani ya fakitire iliyofunguliwa, watu wanashangilia, nikalia. Kila kitu nilikuwa nimerudishiwa isipokuwa yeye, na Leta haikuhusika na hilo, nilimpoteza kwa mdomo wangu.

Umeniambia kwamba umeandika vijana wanne kazini, wa kuchomelea milango na madirisha, na kwamba habari za kodi utaziangalia baadaye mambo yakikaa sawa. Ndiyo maana nimekusimulia aibu yangu. Ukishakata pesa kwenye mshahara wa mtu, pesa hiyo si yako tena, hata ukiifanyia jambo zuri. Ipeleke kabla wiki haijaisha, hata kama biro ina foleni na karani ana kiburi, na risiti uwaonyeshe waliokatwa. Ukitaka kumsaidia aliyefiwa, toa chako. Na kama umeshachelewa, maana biashara ina siku mbaya, usifiche barua. Tafuta avoka deni likiwa bado dogo, umwambie mpaka yale yanayokufedhehesha, na anayekuletea karatasi ya kudanganya umfungulie mlango atoke. Halafu siku mmoja wa watu wako atakapokuuliza pesa yake iko wapi, usipandishe sauti. Keti chini, umjibu.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe kazi yenye amani na watu watakaozeeka pamoja nawe. Hodi ikipigwa kwako ulale usingizi wako bila hofu, na wanaokula kwa jasho la biashara yako washibe. Nakuombea hivyo asubuhi na jioni.