Aliyeshindwa Huenda Kuteka Maji

Pale Mkiwa ukiuliza nyumba ya Bibi Luciana, watakuuliza kwanza: yule mwenye mikono? Ndiye huyo. Umri wake ni miaka sabini na mitano, kusoma hajui zaidi ya jina lake, lakini mpe ungo wa alizeti uone. Makapi huruka yenyewe kama yametumwa. Na kwenye mdako ndiyo usiseme. Hurusha kijiwe juu, huchota vingine shimoni, hukidaka kile cha juu, na macho yake yako kwa kuku. Wanawe amewashinda, wakwe amewashinda, na katekista mmoja alishindwa akaondoka bila kuaga.

"Sijashindwa tangu nizaliwe," husema. "Hata na dada yangu Anastasia."

Anastasia alifia kisimani angali msichana. Hapo Luciana hufunga mdomo, na hakuna anayethubutu kuufungua.

Nyumba hiyo ina sheria mbili za mdako, za tangu kwa mama yake. Aliyeshindwa huenda kuteka maji. Na mchezo ukiisha, shimo hufukiwa papo hapo, maana shimo lililoachwa wazi linakaribisha mchezaji, na wewe hujui ni nani amesikia.

Mwezi wa sita, wakati wa kupiga alizeti, bintiye Joyce alikuja kutoka Dodoma na mumewe Calist na mtoto wao Pendo, wa miaka saba. Pendo alikuja na boksi jekundu la plastiki. Juu yake kuna vitundu ishirini na vitano, na kila kitundu kina kipande chake: nyota, mwezi, msalaba, mayai, pembe za kila namna. Unaikaza saa yake, inaanza kupiga tik-tik-tik, nawe unapachika mbio. Dakika ikiisha hujamaliza, kisinia chake kinaruka na kukurushia vipande usoni.

Luciana aliwatazama mara mbili, mara ya tatu akavuta kigoda. Alimaliza saa ikiwa bado nusu.

"Mama, hiyo mikono ni ya mtu kweli?" Calist akauliza.

"Ni ya jembe. Ya kwako ni ya simu. Haya, ndoo ile pale, nenda bombani."

Walicheza wote mpaka ugali ukaiva. Walipoinuka kwenda kula, Luciana akasema, "Fukieni hayo mashimo."

Calist akacheka. "Tukitia udongo humu, mama, saa yake itakufa."

Kuchekwa Luciana hakupendi. Lingekuwa shimo la ardhini angebisha mpaka jua lizame, lakini mambo ya plastiki aliogopa kuonekana mshamba. Akaenda kunawa mikono. Joyce akalitandikia boksi kanga. Lakini kanga si udongo, na Luciana alilijua hilo.

Kesho yake, jua likiwa utosini na watu wote wako kwenye alizeti, alirudi nyumbani kuchukua gunia. Akasikia saa inapiga ndani. Pendo amekaa mkekani peke yake, ameelekea ukutani, mikono yake ameilaza mapajani. Hajagusa kitu. Na kwenye boksi vipande vilikuwa vimejaa, kasoro nyota. Luciana akafumba jicho na kufumbua, nyota nayo ikawa mahali pake.

"Unacheza na nani, mke mwenzangu?"

"Na dada."

"Dada yupi?"

"Huyu wa shoto." Mtoto hakugeuka. "Ananishinda tu. Kasema nikishindwa mara tatu, niende maji. Hii ya tatu."

Anastasia alikuwa wa shoto. Hilo Luciana hakuwahi kumwambia mtu yeyote katika nyumba hiyo.

Pendo akainuka, akatwaa ndoo, akatoka. Bomba liko hapo hapo uani. Akalipita. Akashika njia ya mbugani, kwenye kile kisima cha zamani, njia ambayo hakuna aliyemwonyesha. Luciana aliita, mtoto hakusikia. Akamfikia, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama tumbo la mtungi, na kile kiwiliwili kidogo kilimvuta bibi mzima kama ng'ombe avutavyo plau.

Basi hapo yakamrudia ya siku ile, naye hakuwa na pa kuyaficha. Siku ile Anastasia alikuwa amemshinda. Alimshinda kwa haki, vijiwe vyote. Luciana akakunja mikono akasema, siendi. Wakabishana mpaka mtungi ukakauka kabisa. Mwisho Anastasia akaubeba yeye. "Leo nakwenda mimi," akasema, "lakini zamu ni yako." Hakurudi.

"Anastasia," Luciana akasema katikati ya njia, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mwache mtoto. Ulinishinda. Nipe ndoo niende."

Mkono wa Pendo ukapata moto. Akatazama huku na huku kama aliyeamshwa, akaanza kumlilia mama yake.

Luciana alimwelekeza kwenye alizeti, kisha akaenda. Ile njia alikuwa hajaikanyaga kwa miaka sitini. Mdomo wa kisima ulikuwa wazi, na chini kulikuwa na maji meusi yasiyotingishika. Aliifunga ndoo kwa kanga yake, akainama. Ndoo ilipozama, kanga ikakazwa kutoka chini, ikamvuta mpaka magoti yakafika ukingoni. Hakuachia. Hakuomba pia. Alisema tu, "Zamu yangu nimeileta." Kanga ikalegea. Akapandisha ndoo, akajitwisha, na njia nzima nyayo zikamfuata nyuma, nyepesi, za mtu asiyevaa viatu. Zilikoma mlangoni.

Ndani aliwakuta wote wamekaa. Akawaeleza, kuanzia mwanzo. Neno "nilishindwa" lilimtoka kwa shida kama mwiba wa kale.

Joyce alilia. Calist alikuwa anaitazama ndoo, na yale maji maangavu ndani yake.

"Mama, kisima kile kijiji kilikifukia mwaka niliomuoa Joyce. Mimi mwenyewe nilibeba udongo."

"Basi onja," Luciana akasema.

Calist hakuonja. Luciana alichota kikombe kimoja, akanywa chote bila kupumua, akaomba wamletee chakula chake.