Mgeni wa Ulaya Uani Kwetu

Hapa Kisarawe sina tena njia ya kupita nisichekwe, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na jirani.

Tangu nilipombebea Bwana Misitu darubini kwa wiki moja kule Pugu, nimejiona bingwa wa ndege. Yule mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia uani kwetu ni mwenyeji. Ila nilisikia wapo ndugu zake waliopauka, wanaokuja huku kukimbia baridi ya Ulaya.

Juzi Mzee Kondo alitoka Dutumi kuja kuitazama nyumba nitakayomweka binti yake, Zuhura. Mama alikuwa anapakua wali. Mara nikaona, penye maji ya vyombo, ndege wa kijivu anatikisa mkia.

"Baba, tafadhali usisogee," nikanong'ona. "Yule ametoka Ulaya. Wengine wangemfananisha na hawa wa kwetu, lakini mimi hanipotei."

Mzee wa watu akachuchumaa topeni na kanzu yake nyeupe. Wali ukapoa. Nikamweleza bahari alizovuka yule ndege, hata uchovu niliouona machoni pake.

Ndipo akatua mwenyeji wetu wa siku zote, ana nzi mdomoni. Mgeni wangu akamkimbilia, akatetemesha mabawa, akaachama, akalishwa.

Mzee Kondo akanishika bega, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Mwanangu," akasema, "mtoto amezaliwa uani kwako na humjui. Wajukuu zangu utawatambuaje?"