Sinia Langu Redioni

Usinikunjie uso, wewe unayesoma. Nilikuwemo studioni, hapa hapa Kisauni, nimekaa kitini.

Mjukuu wangu ana bendi. Hufanya mazoezi sebuleni kwangu, hunywa chai yangu, na ngoma yao ni sinia langu la shaba, la harusi. Sinia hilo halitoki nyumbani bila mimi, basi nikaandamana nalo mpaka redioni.

Wakapiga wimbo wa kwanza, na wallahi ulikuwa mtamu. Mtangazaji akauliza, "Nani anawashika mkono?"

Mjukuu akainua kidevu. "Hakuna. Tunajitegemea. Kila kitu ni chetu wenyewe."

Nami nimeketi nyuma yake, goti langu lamgusa mgongo.

"Mashallah," mtangazaji akasema. "Haya, tupigieni wa pili."

Nikainuka, nikalitoa sinia mapajani mwa mpigaji.

"Nyanya, tuko hewani," mjukuu akaninong'oneza.

"Najua. Jitegemeeni."

Vijana wa siku hizi hawana mtu, na mkate wa mtu bado wautafuna. Nikatoka, nikaubamiza mlango. Kumbe mlango wa studio umevishwa godoro, haulii. Nikaufungua tena, nikalipiga sinia kofi moja, ndipo nikaufunga.